Kitenge Kwenye Mkaratusi

Ufaransa, pwani ya magharibi, 23 Julai 2023

Mujomba wangu mpendwa,

Pokea salamu za mtoto wako kutoka huku ambako jua la Julai linakataa kuzama hata watu wakishamaliza chakula cha jioni. Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile katika nyumba ya wazee: ninawaosha, ninawavalisha, ninawalisha, ninawaitikia wakiniita kwa majina ya binti zao. Benoît alinipigia kutoka Goma wakati boti yake ikipakuliwa, akaniambia mvua imeozesha maharage na mguu wako umeanza tena kuuma. Aliniambia pia kwamba Mama Geneviève bado anavuka ua kila asubuhi kukuletea uji, ingawa magoti yake mwenyewe yamechoka. Mwambie ninamshukuru.

Sasa nikusimulie jambo, na ukikasirika, bahati yangu niko mbali.

Jumapili iliyopita Laetitia, yule dada wa Bukavu ninayefanya naye kazi, alinichukua kwa gari lake mpaka kwenye pwani wanayoiita ya mwitu. Hakuna nyumba, hakuna duka. Unaacha gari ndani ya msitu wa misonobari, unapanda vilima vya mchanga hadi nyayo zinawaka, halafu bahari inakupiga usoni. Mawimbi yake si kama ya ziwa letu. Yanakuja kama ukuta unaobomoka, na maji yakirudi yanakuvuta vifundo vya miguu kama mtu mwenye hasira. Pale mwanzo wa ufuko kuna ubao unaosema kwamba kuanzia hapo nguo si lazima. Mujomba, walikuwa uchi. Mabibi, mababu, mama na baba pamoja na watoto wao. Mmoja alikuwa anakata nyanya, mwingine anasoma gazeti. Mimi nilijifunga kitenge changu hadi shingoni.

"Dada," Laetitia akaniambia, "umeosha migongo yote ya muji huu, leo unaogopa mugongo yako mwenyewe? Samaki iko na suruali?" Akavua, akaenda zake majini huku akicheka.

Nilikaa muda mrefu kama mlinzi wa nguo za watu. Mwisho nilitundika kitenge changu kwenye ule ubao, nikaingia. Hakuna aliyenitazama. Maji yalikuwa baridi hadi meno yaliuma. Nilipogeuka, nikakiona kitenge kinapepea kule juu, na kumbukumbu ambayo sikujua kama ninayo ikanijia yote kwa mara moja.

Unapakumbuka Kwa Mama, pale chini ya shule, kati ya mawe meusi, wanawake walipokuwa wakioga? Wa kwanza kushuka alifunga kitenge chake kwenye mkaratusi ulioko juu ya njia, na tangu hapo hakuna mwanamume aliyepita. Siku ile ya mwisho kitenge kilikuwa cha mama yangu, cha manjano, chenye ndege. Nilikuwa majini naye. Niliinua macho nikakiona kikishuka. Hakikuanguka, Mujomba. Kilikuwa kinafunguliwa. Nilimwuliza mama kama tunarudi nyumbani, naye akatazama juu. Baada ya hapo nakumbuka jiwe juu ya kichwa changu, maji puani, na wewe. Ulinifunga ndani ya kitenge kile kile. Kilikuwa na harufu ya sabuni yake.

Nani alikifungua? Na kilifikaje mkononi mwako? Nakuuliza kwa sababu ni wewe tu uliyebaki kati ya waliokuwa karibu siku ile.

Mtoto wako,
Noëlla

Kirotshe, 4 Septemba 2023

Mwipwa wangu,

Barua yako ilifika ikinuka sambaza, maana Benoît aliificha chini ya kikapu cha samaki hao asije akaulizwa maswali bandarini. Nimeisoma nikiwa nimekaa mlangoni, ambapo mwanga unatosha macho yangu.

Sisi tupo. Watu waliokimbia vita milimani wanalala katika madarasa niliyofundisha, na madawati yamekuwa kuni. Simlaumu mtu, mtoto hawezi kula dawati. Mguu umevimba, na sasa tumbo nalo linataka kuufuata. Daktari amenipa vidonge vya kutoa maji, kwa hiyo siku yangu yote inapita kati ya kiti na choo. Mama Geneviève anakusalimia. Ananitania kwamba nakojoa kuliko ng'ombe wa Masisi.

Juu ya ile pwani, sina la kusema isipokuwa usirudi. Sisemi ni dhambi. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba Mungu alituona uchi kabla ya fundi cherehani. Lakini watu wa huko vita vyao vilikwisha zamani, wanaweza kuvua nguo kwa sababu wanajua nani atawarudishia. Huku kwetu mtu akivuliwa nguo, ni kwa bunduki. Nimewaona waliovuliwa barabarani, wakirudi kijijini wamejifunika majani ya migomba, na wengine hawakurudi. Sitaki kukuwazia ukiwa hivyo.

Kuhusu kitenge, upepo wa ziwa unajua kufungua fundo. Wewe ulikuwa mtoto wa miaka sita uliyemeza maji mengi. Ufuko ule hauna tena kitu cha kukupa. Uache.

Kula vizuri. Umekonda katika ile picha uliyomtumia Benoît.

Mujomba wako,
Gustave Byamungu

Ufaransa, 8 Oktoba 2023

Mujomba wangu,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa mlangoni na si kitandani. Huku majani yameanza kuanguka, na wazee wangu wawili wameondoka katika wiki moja. Nimewavalisha mwenyewe.

Nisamehe, nilirudi kule pwani. Bahari ilikuwa imechafuka. Mama mmoja wa makamo alinaswa na mkondo, tukaona kichwa chake kikienda na kurudi, halafu kikienda tu. Watu waliinuka kutoka mchangani kama walivyo, uchi, wakashikana mikono, wakajipanga kutoka ufukoni hadi wimbi lilipowafikia shingoni. Laetitia alikuwa amenishika, na mimi nilimshika babu mmoja ambaye sijui hata jina lake. Wimbi lilitupiga, likamrusha kijana mmoja juu ya mwamba, akapasuka paji la uso, damu ikamjaa machoni, na bado hakuachia mkono wa jirani yake. Tulimtoa yule mama akitapika maji na mchanga. Hakuna aliyegeuza uso. Nilirudi nyumbani, nikafikiri: kwa nini siku ile Kwa Mama hakuna aliyekuja kutushika mkono?

Benoît ameniambia ukweli ambao wewe hukuniandikia, kwamba ni moyo. Nimeomba likizo ya Desemba. Nitapitia Kigali hadi Gisenyi, nitavuka, nitapanda boti ya Benoît. Najua hali ya barabara, usinifundishe. Nataka nikuoshe kwa mikono yangu, maana nawaosha wageni kila siku huku wewe unaoshwa na majirani.

Lakini lipo jambo moja. Unasema ni upepo. Mama yangu alikuwa anafunga magunia ya maharage ya kwenda Goma, na fundo lake upepo haukuliweza. Na nilipokuwa na miaka kumi na mitano, nilivunja chungu cha Mama Geneviève. Kwa hasira aliniambia: "Una haraka kama mama yako. Angeacha kitenge pale, binti yangu Mamy angekuwa na watoto leo." Halafu akalia, akaniomba nisikuambie. Nimelibeba neno hilo tangu hapo. Kwa desturi yetu, anayekifunga ndiye anayekifungua, na ni mwanamke tu. Basi ni mama yangu aliyewaua? Wanawake wote wa Kirotshe wanaamini hivyo, sivyo? Ndiyo sababu hakuna anayetaja jina lake siku ya kuwaombea marehemu.

Nikija, nitamwuliza Mama Geneviève mbele yako.

Noëlla

Kirotshe, 2 Novemba 2023

Noëlla,

Leo ni siku ya marehemu. Kengele imelia, sikwenda. Kijijini hatujambo kwa kadiri inavyowezekana. Usiku mizinga inasikika upande wa Sake, na asubuhi watu wanahesabu migomba iliyobaki. Daktari ameacha kuniambia nirudi lini, nami nimeelewa. Haya sitamwachia mtu mwingine aniandikie.

Mama yako hakufungua kitenge. Nilikifungua mimi.

Sasa soma pole pole, kwa sababu sitaweza kuandika mara mbili.

Mwaka ule wa 1998 wapiganaji walikuwa wakishuka milimani kutafuta wanaume wa kuwabebea mizigo kwenda porini Walikale. Aliyebeba hakurudi. Kundi lao silitaji. Limebadilisha jina mara nyingi, na baadhi yao leo wanavaa tai. Wanaume wa Kirotshe tulipata maficho ambayo hakuna jeshi lingeyafikiria. Wanawake walishuka Kwa Mama, wakafunga kitenge kwenye mkaratusi, wakavua, wakaoga, na sisi tukajilaza nyuma ya mawe meusi, migongo yetu kwao. Wale wapiganaji walikuwa watoto wa milima hii. Walikuwa wamenyunyiziwa dawa ya vita, na sheria ya dawa yao ilikuwa kwamba atakayeuona uchi wa mama, risasi itamwona yeye. Hata bila dawa, wewe unajua: mama akikuvulia nguo kwa makusudi, amekulaani, na laana hiyo haina mganga. Walifika kwenye mti, wakatukana, wakarudi. Mara nyingi walirudi. Mimi pia nilijificha pale, nyuma ya mgongo wa dada yangu. Jioni tulicheka tukisema jeshi limeshindwa na kitambaa.

Siku ile nilichelewa kutoka shuleni. Walinikuta ofisini. Kamanda wao hakuwa mtu wa huku na hakuwa na dawa yoyote shingoni. Pamoja naye alikuwa Trésor, aliyekuwa ameketi dawati la mbele katika darasa langu mwaka uliotangulia. Walimtaka baba yako. Walisema Noël, kwa kuwa ni mtu wa kijiji cha Mpofi na anajua msitu, aliwaongoza adui zao hadi kwenye kambi yao kule Mubi.

Watu wote wa hapa wanajua kwamba nilipigwa siku ile mpaka mguu ukavunjika. Nimewaacha wajue hivyo. Sikupigwa hata kofi. Kamanda alinivutia kiti changu mwenyewe, akanipa sigara, akaniuliza kwa upole kama muungwana. Nami nikasema alipo.

Nilisema kwa woga, hilo la kwanza. La pili ni gumu zaidi. Sikumpenda baba yako. Alimchukua mama yako, Vestine, bila kuja kukaa mbele yangu, akaniita shemeji kwa kicheko siku ya kwanza kunikuta njiani, na mimi nilimwona kama mtu wa porini asiyejua kusoma saa. Nilijiambia: watachukua mtu mmoja, yule, na dada yangu atarudi nyumbani kwangu. Hesabu hiyo niliifanya nikiwa nimekaa, sigara mkononi.

Tulipofika kwenye mti vijana walisimama. Trésor alisema, "Mukubwa, hapa hatupite. Kitenge iko." Kamanda alimpiga kitako cha bunduki mdomoni. Trésor alitema meno, lakini hakusogea, na wenzake hawakusogea. Walikuwa wameua watu barabarani kote wakija, na kitambaa cha ndege wa manjano kiliwashinda. Kamanda akanigeukia, akaniuliza ni nani kwetu mwenye ruhusa ya kukifungua.

Jibu lilikuwa fupi: mwanamke aliyekifunga. Kama ningelisema, pengine wangeondoka, pengine wangeniua mimi. Sikulisema. Nilinyoosha mkono. Fundo la mama yako lilikuwa gumu, nikalifungua kwa meno.

Vijana walipouona mti uko wazi, na kwamba mwalimu wao ndiye aliyeufungua, walishuka. Walijiambia kwamba sheria imeondolewa na mwenye elimu.

Vestine aliniona. Hakupiga kelele. Alisema kama unavyomwambia mtoto aliyefunua chungu, "Gustave, rudisha kitenge."

Sikurudisha.

Baba yako alitoka nyuma ya jiwe, mikono juu, akasema ni yeye wanayemtaka, wengine waachwe. Panga lilimkata shingo kabla hajamaliza. Mume wa Mama Geneviève alimshika Mamy, ambaye povu la sabuni lilikuwa bado kichwani, akamvuta kuelekea kwenye kina, na wote wawili walipigwa risasi migongoni. Wanaume waliokuwa nyuma ya mawe waliuawa pale pale walipolala, kama mbuzi waliofungwa. Wamama wazee walifanya jambo ambalo sitalisahau hata nikizikwa. Walitoka majini, wakasimama mstari mmoja, uchi, nyuso zao zikiwatazama wale vijana. Trésor alitupa bunduki, akapiga magoti, akatapika. Kamanda alimpiga risasi yeye kwanza, halafu akaupitia ule mstari, mama mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyejifunika.

Mama yako alikusukuma chini ya ukingo wa jiwe kubwa, akasimama mbele yake. Alichagua mahali pa kuanguka. Mwili wake ulikuziba, ndiyo sababu hawakukuona.

Nilipoona ameanguka, nilikimbia. Niliteleza kwenye mawe, mguu ukavunjika. Walipoondoka nilijiburuta nikashuka. Ziwa pale lilikuwa jekundu hadi mbali, na vipande vya sabuni vilikuwa vinaelea. Nilimsogeza dada yangu nikakusikia ukikohoa. Nilikufunga katika kile nilichokuwa nacho mkononi.

Watu walinikuta na mguu uliovunjika na mtoto aliye hai kifuani. Hadithi waliitunga wao wenyewe, kazi yangu ilikuwa kunyamaza tu. Kunyamaza kumenifanya direkta wa shule, kumenifanya mzee wa kanisa. Wanawake walipoanza kusema kwamba Vestine alikifungua mapema, nilikuwapo, katika kilio cha mwaka wa kwanza, nikinywa pombe yao ya kasiksi. Niliwaambia wamwache marehemu apumzike. Wakanisifu kwa huruma yangu.

Nilidhani nitakufa nalo. Lakini umeniandikia kwamba umembebea mama yako kosa hili tangu ulipokuwa msichana, na hilo sikulijua.

Usifunge sanduku kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho. Ukija, ujue unakuja kwa nani.

Gustave

Ufaransa, 17 Desemba 2023

Mujomba,

Leo sina salamu.

Barua yako ilinikuta sanduku limeshafungwa. Niliisoma kazini, kwenye chumba cha mashuka. Halafu ilibidi nimwoshe mzee wa chumba cha tatu. Nilishika kitambaa cha kuogea, nikautazama mgongo wake, mikono haikukubali. Sijui alifanya nini katika maisha yake. Zamani sikujiuliza. Alikaa uchi akisubiri, akaanza kutetemeka kwa baridi, mpaka Laetitia akaja kunitoa.

Nangoja kukuchukia kwa moyo mmoja, na chuki haiji. Nakumbuka ulivyonibeba mabegani kwenda shule na mguu ule mbovu, watoto wakikucheka. Nakumbuka ulivyojifunza kusuka nywele ili nisiende kanisani kichwa kikiwa kama msitu. Heri ungekuwa mtu mbaya tangu mwanzo.

Sitakuja Desemba. Nimerudisha likizo.

Unanieleza mimi, mtu aliye mbali sana, katika karatasi. Mama yangu hakuchafuliwa jina kwenye karatasi. Alichafuliwa kwa midomo, visimani na sokoni, miaka hii yote. Mwite Mama Geneviève. Mwambie kwa mdomo wako, kwa Kiswahili cha kila siku, bila mahubiri. Umwambie na ile sigara. Usipofanya hivyo nitamwambia mimi kwa simu ya Benoît, na utakula uji wake siku ya mwisho ukijua kwamba anajua.

Noëlla

Kirotshe, 20 Januari 2024

Noëlla,

Nimefanya.

Sikusubiri siku nzuri. Asubuhi barua yako ilipofika, Mama Geneviève aliingia na bakuli, akaketi, akaanza kunilisha kwa sababu mikono yangu haishiki tena kijiko. Alikuwa ananisimulia juu ya mkimbizi mmoja aliyemwibia kuku halafu akamletea mayai ya kuku huyo huyo. Alikuwa anacheka. Nikamwambia katikati ya kicheko. Nilimwambia yote: ofisi, kiti, sigara, fundo, meno. Nilimwambia povu la Mamy.

Aliendelea kunilisha mpaka bakuli likaisha. Alinipangusa mdomo. Alisimama, magoti yakalia kama kawaida, akauliza kitu kimoja: "Vestine alikuona?" Nikasema aliniona, na nikamwambia maneno aliyoyasema. Akachukua bakuli lake akatoka.

Kwa siku kadhaa hakuja mtu. Benoît aliniachia maji mlangoni bila kuingia. Vijana walipita nyuma ya nyumba wakitupa mawe juu ya mabati, nikasikia mmoja akisema wanichome humo humo, mwingine akamjibu wangoje mama zao. Nilikuwa nimejiandaa kwa panga. Nilifikiri ingekuwa sawa.

Walikuja wanawake, asubuhi, jua limeshapanda, wajane na binti wa wale wa Kwa Mama. Wengine ni wazee kama mimi, wanatembea kwa fimbo. Walinitoa na kiti changu hadi katikati ya ua. Hakuna aliyenitukana. Mama Geneviève alifungua kitenge chake, akakiacha kianguke. Wakafungua wote. Walisimama mstari mmoja mbele yangu, Noëlla, na matumbo yao yaliyozaa, na makovu yao, na maziwa yaliyokauka. Niliinamisha kichwa.

"Usifumbe macho, Mwalimu," Mama Geneviève aliniambia. "Vijana wale ulitaka waone. Na wewe ona."

Niliona. Sijui walisimama muda gani. Hakuna kitu kilichonipiga, na nimepigwa kuliko kama ningepigwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Trésor alitapika. Halafu walivaa, wakasaidiana kufunga mafundo, wakaondoka kuelekea ziwani. Huko waliita majina ya marehemu wao, kila mmoja kwa sauti. La kwanza lilikuwa Vestine. Nililisikia kutoka kitini, na wakalirudia mara nyingi kuliko mengine yote.

Kwa hiyo jina la mama yako limetoka. Ulichotaka kimefanyika.

Sasa hakuna anayeingia kwangu. Naoga kwa shida, sili sana. Vijana hawatupi mawe tena. Mtu aliyelaaniwa hapigwi, anapitwa. Sikuombi msamaha. Sikuombi uje. Nimekuandikia ili usije ukasikia kwa wengine kwamba nilifumba macho.

Gustave

Ufaransa, 18 Februari 2024

Mujomba,

Barua yako imefika. Nimesikia pia kwa Benoît, na maneno yenu yanafanana.

Nimeomba likizo upya, nimepewa Machi. Nitakuja kama boti bado zinatembea. Nikishuka Kirotshe sitaanza kwako. Nitaanza kwa Mama Geneviève, nitalala kwake, nitachota maji yake, nitamsikiliza kama Mamy angemsikiliza. Siku atakayoichagua yeye, nitamwuliza kama naweza kuvuka ua kuja kwako.

Akisema ndiyo, nitakuja na ndoo na sabuni, nitakuosha vizuri, nitakulisha, nami sitakuwa na hotuba. Akisema hapana, nitakusikia ukikohoa ng'ambo ya ua, na nitabaki pale nilipo mpaka usisikike tena.

Nimemwachia yeye aamue kwa sababu mimi, peke yangu, ningekusamehe, na wale waliokuwa nyuma ya mawe hawajaniruhusu.

Jitahidi kula. Nataka nikukute ukiwa hai, jibu lake liwe lolote.

Noëlla, binti wa Vestine na Noël